Kikohozi cha Bi Kadzo

Bi Kadzo alikuwa na wanawake wawili waliomgombea, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekubali kumwachia kiberiti. Mmoja alikuwa Mejumaa, mke wa mwanawe, aliyekaa naye nyumba moja huku Mji wa Kale. Wa pili alikuwa Mapenzi, bintiye wa kuzaa, aliyekaa Tudor. Hawakupatana kwa lolote, wanawake hawa, isipokuwa kwa neno moja tu: kwamba Bi Kadzo amechoka, akae atulie. Naye kule kukaa na kutulia ndiko kulikokuwa kukimmaliza.

Maana si mtu wa kukaa, huyu. Miaka na miaka alikaanga muhogo Mama Ngina, kando ya bahari, pale watu wanapokwenda kupunga upepo jioni na watoto wao. Alikuwa na karai la chuma, zito hasa, la kubebwa kwa mikono miwili, na pilipili aliyoisaga mwenyewe akaitia chumvi na ndimu. Wanaume wazima walikuwa wakila huku wanapangusa macho, na wakimaliza wanaomba waongezwe. Mdomo wake nao ulikuwa vivyo hivyo. Mteja akinung'unika kwamba muhogo haujaiva, humjibu, "Nenda kwa mkeo basi ukale ulioiva," na mtu yule yule kesho yuko pale pale. Kwa karai hilo aliwalea Tsofa na Mapenzi baada ya baba yao kufa, akawavisha, akawasomesha mpaka walipofikia, asimpigie mtu magoti.

Halafu macho yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, walimwambia. Jioni moja akakosea ukingo wa karai, mafuta yakammwagikia mkono wa kushoto. Tsofa akaja na tuktuk yake, akampakia mamake, godoro, sanduku la nguo na karai, akamleta kwake. Mejumaa alimpokea kwa adabu zote, akamtandikia kitanda chumba cha mbele penye dirisha. Kisha akalichukua karai akalitundika kwenye msumari uani, na tangu siku hiyo likawa la kukaangia bajia zake.

"Ukitaka chochote, Mama, niambie," alisema Mejumaa.

Alichokitaka kilikuwa pale msumarini. Aliomba mara ya kwanza, akaambiwa mkono haujapona. Mkono ulipopona, akaambiwa macho. Aliomba walau jiko dogo la makaa la kuchemshia chai yake mwenyewe, akaambiwa, "Watu watasemaje? Kwamba mkazamwana wako hakupikii?" Na kwa wanawake wa rika la Bi Kadzo, mwenye jiko ndiye mwenye kwake. Asiye nalo ni wa kuitwa, na kuletewa, na kuondolewa sahani, kama mgeni aliyesahau kwenda zake.

Mapenzi naye huko Tudor alikuwa akisutwa. Majirani wa gorofani kwake walimwuliza, kwa ile sauti ya kumhurumia mtu, kwani mamake yungali hai, mbona basi analishwa na mke wa ndugu na binti yupo. Neno hilo lilimwingia. Akaamua atakwenda kumchukua, Mejumaa apende asipende, amweke kwake aone nani atasema tena.

"Kwangu kuna gesi," alimwambia mamake kwa simu.

"Ntapika?" akauliza Bi Kadzo.

"Gesi si ya kuchezewa, Mama. Utapikiwa."

Basi alikuja, mwezi wa Ramadhani, mwaka ule wa korona, barakoa usoni na begi kubwa tupu mkononi. Hodi alipiga akiwa ndani tayari. Aliingia moja kwa moja chumba cha mbele, akaanza kukunja nguo za mamake. Mejumaa alitoka uani mikono imejaa unga, akasimama mlangoni.

"Wifi, salamu zimepigwa marufuku pia?"

"Salamu utaipata nikishamaliza."

"Wamaliza nini?"

"Namchukua mamangu."

"Mamako alipoungua mkono ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini. Si wote tunaokaa nyumbani kukaanga bajia kwa karai la kunyang'anya."

Hapo ndipo yalipoanza. Mejumaa akauchukua ufunguo wa sanduku la Bi Kadzo, akaufunga kwenye pindo la leso yake mafundo mawili, akasema nguo zilizotandazwa kitandani ziende, lakini sanduku halitoki nyumba hii. Mapenzi akasema bila sanduku haondoki. Wakateta adhuhuri, wakateta alasiri. Walirudi nyuma mpaka harusi ya Tsofa, nani alikuja na nani hakuja, na ni nani aliyesema pilau imeungua. Bi Kadzo alikaa kitandani katikati ya nguo zake, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akingoja kujua kama avue au avae.

Jua lilikuwa limeanza kupoa Tsofa alipoingia kwa miguu, anahema.

"Wamefunga njia," alisema. "Polisi wameweka vizuizi. Kuanzia jioni hii hatoki mtu Mji wa Kale, na haingii mtu. Na tuktuk yangu nimeiacha kwa fundi, ng'ambo huko."

Begi lilikuwa limejaa, limefungwa zipu. Kama wangeacha ile harusi na ile pilau, Mapenzi na mamake wangekuwa wameshafika Tudor wanangoja kufungua. Mejumaa alimtazama wifi yake, akafungua pindo la leso polepole, akautupa ufunguo kitandani.

"Haya, chukua sanduku lako uende."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi, na nyuma ua mdogo uliozungukwa na kuta ndefu, wa kupikia na kufulia, na pembeni chumba kidogo cha kuwekea makaa. Mapenzi alitandika mkeka chini, kando ya kitanda cha mamake. Chakula cha Mejumaa alikikataa siku ya kwanza. Alisema hawezi kufungulia saumu chakula kilichopikwa kwa uchungu. Akanunua jiko la makaa kwa jirani, akaliweka pembe ya pili ya ua, na tangu hapo nyumba ikawa na moto mara mbili. Bi Kadzo akayasikia majiko mawili yakipulizwa kila alasiri, akavuta harufu ya mbaazi za nazi huku na kaimati kule, na yeye mwenyewe hata njiti ya kiberiti hana.

Ikifika magharibi, sinia mbili zilikuwa zikiwekwa mbele yake, moja kulia, moja kushoto, na wenye nazo wakakaa kila mmoja nyuma ya sinia yake wakiutazama mkono wa mama. Akianza kwa binti, mkazamwana husonya. Akianza kwa mkazamwana, binti huchukua sinia yake akasema, "Ah, mamangu ameshiba makombo." Bi Kadzo akajifunza kufungua kwa tende na maji, akakaa sana na ile kokwa mdomoni, akaizungusha, akatafuta pa kwenda. Tonge lake halikuwa lake tena. Wakati mmoja aliongeza kaimati ya pili kwa Mapenzi, kwa sababu tu ilikuwa karibu, na Mejumaa hakumwamkia kesho yake hata kwa sabalkheri.

"Nile na mkono upi niwaridhishe?" aliwauliza. "Nipasueni basi, mchukue nusu nusu."

"Mimi sijamwambia mtu achague," alisema Mejumaa.

"Wala mimi," alisema Mapenzi. Katika hilo nalo walipatana.

Tsofa alikuwa hana la kusema, na hata angekuwa nalo angelimeza. Alikuwa mtu wa kutoka alfajiri na kurudi usiku, mke akimjua kwa viatu vyake mlangoni. Sasa yupo mchana kutwa, anaketi mahali panapotaka kufagiliwa. Kila asubuhi alikwenda mpaka kwenye kizuizi, akasimama mbali na askari, akaitazama tuktuk yake upande wa pili wa barabara mbele ya duka la fundi. Akirudi alitoa habari zake kama mtu aliyetoka kumtazama mgonjwa. Tairi la mbele limeanza kuisha upepo. Kunguru amenyea kioo. Paka amezalia ndani.

"Nenda kahamie huko na wewe," mkewe alimwambia. "Paka ana akili, amepata nyumba isiyo na wifi."

Ugomvi wenyewe haukuwa wa makelele. Ulikuwa wa vitendo. Mapenzi akianika nguo, Mejumaa huona hapo hapo ndipo jua lake lilipo. Mejumaa akitoka kuteka maji, hukuta ndoo imegeuzwa kifudifudi. Mejumaa alikuwa na leso moja ya maandishi makali, aliyopewa harusini na shoga yake. Akaivaa siku tatu mfululizo, na kila akiinama mbele ya wifi yake huhakikisha maandishi yako upande wa kusomeka. Mapenzi aliyasoma. Alikwenda dukani akanunua pilipili kavu, akazifunga kwenye karatasi, akaziweka chini ya mkeka.

Siku ya pili yake, Mejumaa alifagia ua wakati chungu cha Mapenzi ki wazi, na vumbi lote likaingia kwenye tui. Huenda alikusudia, huenda hakukusudia. Mapenzi aliikoroga ile mbaazi na vumbi lake, akaifunika. Akangoja Mejumaa aingie ndani kuchukua unga. Kisha akachukua konzi ya pilipili kavu akaitia kwenye makaa ya mwenziwe, chini ya lile karai.

Aliyewahi kuunguza pilipili anajua. Moshi wake hauonekani sana, lakini unaingia kooni kama makucha. Mejumaa alirudi uani, akainama kupuliza moto, akainuka anakohoa, machozi tele. Alipoona Mapenzi amejifunga mtandio puani, akaelewa. Hakutukana. Aliingia ndani akatoka na kopo zima la pilipili yake ya mwaka, akalimimina lote katika jiko la Mapenzi.

Ua ule ulikuwa kama bomba. Moshi ulipanda mpaka gorofa ya juu, ukateremka, ukaingia ukumbini, ukamkuta Tsofa amelala ukamwamsha, ukafika chumba cha mbele kwa Bi Kadzo. Wote wanne walikimbilia dirisha la barabarani wakatoa vichwa, na pale, wakati ambao mtu mmoja akipiga chafya sokoni watu wote hutawanyika, walikohoa. Walikohoa wakashika vyuma vya dirisha. Walikohoa mpaka magharibi, na wakalala wakikohoa.

Juu yao aliishi mzee Abdulghafur, aliyekuwa na duka la vitambaa kabla ya kustaafu. Harufu ya pilipili anaijua kama mtu mwingine yeyote. Lakini alikuwa na lake moyoni, maana moshi wa mafuta ya Mejumaa ulikuwa ukichafua mapazia yake, na mara ngapi ameshasema. Alifunga madirisha, tena kwa nguvu ili asikike, na yeyote aliyempigia simu usiku ule alimwambia ukweli mtupu: watu wa chini wanakohoa, nyumba nzima.

Jioni iliyofuata Mejumaa alifunika sahani za futari kama ada, akampa Tsofa azipeleke kwa majirani. Mji wa Kale sahani huenda na sahani hurudi, na kila moja hurudi na kitu ndani, hata tende mbili. Safari hii zilirudi kama zilivyokwenda, vitambaa havijafunguliwa. Hazikuletwa mkononi. Ziliwekwa barazani, mtu akagonga mlango kwa fimbo, akaondoka. Mejumaa aliziinua moja moja. Pale kwa mara ya kwanza Mapenzi alipata nafasi ya kumcheka, na hakumcheka.

"Hawa wametuhukumu," alisema tu.

"Wamekuhukumu wewe," alijibu Mejumaa. "Mimi nimekaa hapa miaka na sahani zangu hazijarudi."

Asubuhi watu wa afya walikuja. Walikuwa watatu, wamevaa nguo nyeupe toka utosini mpaka viatuni, macho tu ndiyo yanayoonekana nyuma ya plastiki. Gari lao lilisimama mbali kwa sababu uchochoro hauliingizi. Madirisha yote ya mtaa yalikuwa wazi kidogo, kwa upana wa jicho. Aliyetangulia alikuwa kijana wa sauti ya upole, akatoa salamu, akawapa pole ya saumu.

"Tumeambiwa kuna mtu anakohoa humu. Tungependa kumpima. Na akikohoa sana itabidi twende naye, akae peke yake mpaka majibu yatoke. Ni nani?"

Wakati ule watu waliogopa karantini kuliko ugonjwa wenyewe. Kuchukuliwa mbele ya mtaa na watu waliovaa kama hao, ilikuwa mtu kashazikwa. Wangeweza kusema ni pilipili, wakacheka wote, wale wakaenda zao. Lakini kusema ni pilipili ni kusema nani aliitia nani, na kwa nini, mtaa mzima ukisikiliza. Tena kila mmoja wa wale wanawake aliona kitu kingine pale mlangoni. Aliona nafasi. Mwenziwe akiondoka leo na hawa, mama ni wake.

"Ni huyu," alisema Mejumaa, akamwonyesha wifi yake kwa kidole. "Ametoka Tudor juzi juzi. Kikohozi amekuja nacho."

"Mwongo. Huyu ndiye akohoaye," alisema Mapenzi. "Usiku kucha. Mwulizeni mumewe."

Tsofa alitazama miguu yake.

"Unasemaje, kaka?" kijana wa afya akamwuliza.

"Mimi," alisema Tsofa, "tuktuk yangu iko ng'ambo."

Bi Kadzo alikuwa amekaa kitandani chumba cha mbele, mlango wazi, anawaona kama vivuli vyeupe. Alimsikia binti yake na mkazamwana wake wakitoana kama watu wanavyotoa mbuzi wa kuchinjwa. Alikuwa ameunguza pilipili maisha yake yote na alijua kila kikohozi kilichotoka kwenye nyumba ile kilitoka wapi. Neno moja lake lingemaliza. Akakaa nalo kidogo, akalizungusha kama ile kokwa ya tende.

Kisha akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha utani. Alikitoa mbali, kwenye mbavu, kile cha wafanyabiashara wa Mama Ngina upepo unapogeuka na moshi wote ukawarudia usoni. Kijana wa afya alirudi hatua nyuma.

"Ni mimi," alisema Bi Kadzo. "Hao wazima wa afya, wagonjwa wa roho tu. Huko mtakakonipeleka, baba, nitakuwa chumba changu?"

"Chako peke yako, bibi."

"Na mlango unafungwa?"

"Unafungwa."

"Kwa ndani?"

"Kwa nje, bibi."

"Si neno. Mradi umefungwa." Akaulizia begi. Lilikuwa palepale nyuma ya mlango, limejaa, limefungwa zipu kama Mapenzi alivyolifunga. "Nilikwisha pakiwa," alisema, akavaa viatu vyote viwili.

"Mama, wewe huumwi," alisema Mapenzi.

"Mama, wallahi ni pilipili," alisema Mejumaa, na mara moja ile habari waliyoificha ikawatoka wote wawili kinywani, konzi na kopo na vumbi la tui, wakikatizana. Kijana wa afya aliwasikiliza kwa adabu. Lakini walikuwa wamemwambia mambo matatu tofauti kwa dakika moja, na mwanamke mzee mbele yake anakohoa. Akawapima wote kwa vile vijiti vya pamba vya puani, akawaambia wasitoke ndani mpaka watakapoambiwa. Bi Kadzo akapita uchochoroni kati ya watu weupe wawili, ameinua kichwa. Alipofika chini ya dirisha la Abdulghafur, akasimama akakohoa tena, hicho cha yule mzee.

Huko karantini walimpa chumba cha kitanda kimoja, dirisha la wavu na bomba lake mwenyewe la maji. Siku za mwanzo alilala. Alilala kama mtu aliyetoka safari. Hakuna aliyemwangalia mkono. Sinia ilikuwa moja. Ililetwa na muuguzi mmoja wa bara, jina lake Purity, mwanamke mnene mwenye haraka, aliyesukuma meza ya chakula kwa mguu na kusimama mlangoni.

"Nyanya, mbona hujala?"

"Hiki mlichonipa ni kitu gani?"

"Ni kabeji na wali."

"Kimekufa kwa nini?"

Purity alicheka ndani ya barakoa. Lakini kesho yake ilikuja kabeji ile ile. Bi Kadzo aliomba ndimu, akaambiwa italetwa. Aliomba pilipili, akaambiwa hairuhusiwi kuingiza chakula. Aliomba kwenda jikoni kwao awaonyeshe kabeji inavyokatwa, akaambiwa, "Nyanya, wewe pumzika tu."

Neno lile tena. Bi Kadzo aliweka kijiko chini.

"Neno hilo mmefundishwa na nani?" aliuliza. "Kuna mtu amewapigia simu?"

"Nani?"

"Basi. Naona mmesoma chuo kimoja na wa kwangu."

Majibu yalitoka safi, yake na ya nyumba nzima. Purity alikuja kumpa habari hiyo kwa furaha, kisha akamtazama vizuri.

"Nyanya, kikohozi kiko wapi? Sijakusikia ukikohoa tangu uingie."

"Kimepona kwa kabeji yenu."

Hata hivyo walimwambia amalize siku zake, kwa kuwa jengo lile lilikuwa na wagonjwa. Idi ilimkuta huko. Alivaa leso mpya iliyokuwa begini, akala wali wake na kabeji, akasikiliza takbiri kutoka kwa simu ya mtu chumba cha pili. Chumba chake alikipenda, hilo hakulificha. Lakini saa ya alasiri ikifika mikono ilikuwa inamtafuta kitu cha kushika. Alijikuta anamenya hewa. Alielewa basi kwamba mlango uliofungwa haukuwa kitu alichokitaka, au ulikuwa nusu yake tu.

Nyumbani, wale wanawake walibaki wawili katika ua mmoja na hapana wa kumpelekea sinia. Mejumaa alisema Mapenzi amemwua mamake. Mapenzi alisema Mejumaa ndiye aliyeanza kunyoosha kidole. Walipika, wakamwaga. Simu ya Bi Kadzo ililia kila siku mara mbili, huyu akikata huyu anapiga, na kila mmoja alitaka kujua jambo moja: akitoka, anakwenda kwa nani. Aliwaacha walie. Halafu siku iliyotangulia kutoka kwake, na vizuizi vya Mji wa Kale vimeshaondolewa, alimjibu Mejumaa.

"Ntakwenda na atakayeniletea karai langu."

Akakata. Mapenzi alipopiga, alimwambia maneno yayo hayo.

Tsofa ndiye aliyesimulia baadaye namna karai lile lilivyotoka msumarini. Mejumaa alilishika sikio moja, Mapenzi akawahi la pili, na hakuna aliyetaka kuachia, wala aliyekuwa na nguvu ya kulibeba peke yake. Walivuka ukumbi nalo hivyo hivyo, wakashuka baraza, wakapita uchochoroni mtaa ukiwatazama, wakaingia kwenye tuktuk iliyotiwa upepo na kunuka paka, wakakaa karai liko kati yao. Kwenye kona Mapenzi alisema, "Usinisukume." Mejumaa akasema, "Mwambie nduguyo, ndiye anayekata kona."

Bi Kadzo alitoka langoni na begi lake. Aliyaona masikio mawili ya karai na mikono miwili juu yake, maana hata kwa macho yale kuna vitu mtu hakosi kuviona.

"Twende wapi, Mama?" Tsofa aliuliza bila kugeuka.

"Kwako. Kile chumba cha makaa, kule uani, chenye mlango wake. Makaa yatoke, mimi niingie."

"Kile hakina dirisha," alisema Mejumaa.

"Mna shimo la moshi. Lanitosha. Mlango ntaufunga mwenyewe, kwa ndani. Na jiko lile la Mapenzi nalitaka, yeye kwake ana gesi."

"Mama, macho yako," alisema Mapenzi.

"Mafuta yakiwa tayari hunena. Sikuwahi kuyatazama." Akajibana katikati yao, akalipakata karai. "Ondoeni mikono."

Hawakupatana baada ya hapo. Asije mtu akadhani. Mapenzi alirudi Tudor siku ile ile bila kumuaga wifi yake, na Mejumaa hajamtaja kwa jina hata leo, humwita yule wa gesi. Lakini kila alasiri ya Jumapili binti huja, akapita ukumbini kama haoni mtu, akakaa kwenye kigoda uani. Mejumaa naye hutoka na kigoda chake, akampa mgongo. Bi Kadzo yu katikati, mbele ya moto wake, anageuza muhogo kwa kusikia. Mara moja moja hujichoma kidole, akakitia mdomoni, na ole wake atakayeinuka kumsaidia.

Muhogo ukiiva huwapa kila mmoja sahani yake. Hawaangalii mkono wake sasa. Yeye ndiye anayeangalia yao.

"Mama, pilipili imezidi," husema Mejumaa.

"Kweli imezidi," husema Mapenzi kwa upande wa pili, akilia machozi.

"Kwa mkeo basi kale isiyozidi," huwajibu, kwa mazoea ya zamani, akawaongeza kijiko. Nao hula, migongo imeelekeana, wanakohoa mmoja baada ya mwenziwe. Na huko juu, kila Jumapili, dirisha la Abdulghafur hufungwa kwa kishindo.